Mgeni wa Ijumaa ya Mwisho

Dada yangu mpenzi,

Vua viatu kwanza, ukae, ndipo usome. Najua ukitoka zamu miguu yako huwa imevimba, na barua hii si fupi. Hujambo? Kile kifua kimekuachia, au baridi ya huko imeshakizoea? Na yule mama mzee unayemtunza, bado anakuita kwa jina la binti yake aliyefariki? Mpe pole zangu, ingawa hatanijua. Mimi sijambo, kwa kipimo cha mtu anayeamka, anakunywa chai na kwenda kazini. Chai nainywa ikiwa moto. Nakutajia hilo kwa sababu ndilo swali ambalo ungeniuliza kabla ya mengine yote.

Barua hii nampa binti wa mwenye dobi ninakopiga pasi, anayekuja huko kusoma. Ameahidi ataiweka kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku. Ningeweza kupiga simu, lakini wewe na mimi kwenye simu tunajuana: mmoja akianza kulia mwingine anadakia, salio linakwisha na hakuna lililosemwa.

Ujumbe wako niliupata. Umesema nisifanye haraka kuyashusha mahema ya shemejio. Umesema utatia saini mkataba mwingine wa miaka miwili, na ile akiba yako ya kurudia nyumbani utanitumia mimi, nibadilishe maturubai, nitengeneze njia, mahema yasimame, maana yale ndiyo kaburi lake la kweli. Nilikujibu hapana, ukaniambia nina huzuni, sijui nisemalo. Ni kweli nina huzuni. Lakini nisemalo nalijua. Ndiyo sababu nimechukua kalamu, nikueleze hapana yangu imetoka wapi. Mengine ninayoandika unayajua nusu. Na moja unalijua wewe kuliko mimi.

Unakumbuka karakana ya malori ilipofungwa. Shemejio alirudi nyumbani mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaweka mezani vitu viwili: bahasha ya kiinua mgongo, na zile sindano zake kubwa amezifunga katika kitambaa kama mtu anayefunga dawa. Wenzake walikuwa wakimwita Turubai tangu ujana. Alishona maturubai ya malori mpaka vidole vyake vikawa havisikii moto wa kikombe. Sifa yake ilikuwa moja na ilimtosha: lori lililofunikwa kwa mshono wake lingeweza kupita katika mvua ya siku tatu na sukari ikashuka kavu. Jioni ile akaniuliza kama mtu akiishiwa na malori ya kufunika anaweza kufunika nini kingine. Nikamwambia afunike masikio alale, kesho ipo. Alicheka, lakini hakulala.

Jibu lilikuja na mpwa wake, yule tunayemwita Profesa kwa sababu alisoma mambo ya utalii mwaka mmoja na nusu. Profesa alikuja na simu iliyojaa picha za mahema ambayo, dada, mimi na wewe hatujawahi kuishi katika nyumba nzuri kama yale. Hema lina kitanda cha mbao, zulia, taa za kuning'inia, na nje, mbele ya mlango, hodhi la kuogea ambamo mtu analala kwenye povu akitazama milima. Profesa akasema watu wa mjini wamechoka na hoteli, wanataka kulala porini bila kuumwa na pori. Akasema mjomba wake ana kile kiwanja cha mteremkoni kinacholea nyasi bure, na ana mikono inayoshona turubai kuliko mtu yeyote, kwa hiyo gharama kubwa kuliko zote, yaani hema lenyewe, kwetu ni kama haipo. Kisha akapiga hesabu. Mahema matatu, mara siku thelathini, mara bei ya usiku mmoja. Jumla ilipotoka shemejio alimwomba aipige tena, akidhani amegusa sifuri kwa kidole kinene. Ikatoka ile ile. Mimi nilikuwa nachambua mchele, nikauliza mvua tumeiweka wapi katika hesabu ile. Profesa akasema shangazi siku zote anapenda kutia maji kwenye maziwa.

Sikumlaumu wakati ule wala simlaumu sasa. Alikuwa anampenda mjomba wake na alitaka kumwona ameinuka.

Basi tukajenga. Naam, hema lilikuwa karibu na bure, kama alivyosema. Ila hema halisimami hewani. Linataka sakafu ya mbao iliyoinuliwa, na mbao zinazovumilia mchwa bei yake ni kama za kutengenezea jeneza la tajiri. Choo nacho, mgeni anayelipa vile hachuchumai, anataka choo cha kukaa, na choo cha kukaa kinataka maji, na maji yanataka tangi, na tangi linataka bomba kutoka barabarani. Tulipofungua koki, maji yalipanda mteremko mpaka nusu yakachoka. Pampu ilikuwa ghali. Shemejio akasema kwa sasa atabeba kwa madumu, pampu itanunuliwa na faida. Godoro zuri, neti, mito, kibali, mpiga picha. Hodhi alilipata katika hoteli ya zamani iliyokuwa ikibomolewa, la chuma, zito kama deni la urithi. Kulinunua ilikuwa nusu ya bei. Nusu nyingine waliichukua wanaume waliolipandisha, na mmoja wao aliuliza kwa hasira ni nani huyo asiyeweza kuoga chini kama binadamu.

Kibao cha getini alikiandika kwa mkono wake. Alitaka kuandika mgeni njoo mwenyeji apone, lakini ubao ulimwishia, kikabaki Mgeni Njoo. Mlinzi, yule mzee mwenye koti la mvua hata kiangazi, alimtania kwamba amemwita mgeni na kumsahau mwenyeji. Shemejio akasema mwenyeji atapona kimyakimya.

Miezi miwili ya mwanzo ilikuwa mizuri, sitaki nikufiche hilo kwa sababu ya yaliyofuata. Walikuja watu waliotumwa na mpiga picha, wakakaa kwenye hodhi, wakajipiga picha. Nami kila Alhamisi nilipiga pasi mashuka yao huku kazini baada ya zamu, mwenye dobi akinitoza nusu bei. Nilikuwa nayakunja, nayafunga kwa kamba, shemejio anayabeba kwenye baiskeli. Kutandika alitandika yeye, maana Ijumaa mimi niko kazini. Na alitandika kama fundi wa malori. Alichomeka shuka chini ya godoro pande zote nne akalivuta mpaka ungeweza kupiga ngoma juu yake. Mgeni mmoja alisema alijiingiza kitandani kama barua ndani ya bahasha. Tulicheka mpaka machozi. Nilimfundisha kulegeza, akawa analegeza, lakini nikigeuka mkono wake unavuta tena.

Halafu likatokea jambo ambalo sikuwahi kukueleza sawasawa, kwa sababu yeye aliona aibu.

Bwana na bibi harusi walilala hema la kwanza, na asubuhi wakashuka mpaka kwa mlinzi wamelowa nywele, wakisema paa linavuja. Usiku ule mvua haikunyesha. Shemejio alipoambiwa neno kuvuja, ni kama alitukaniwa mama yake. Alipanda mbio, akaweka ngazi, akamwaga juu ya hema ndoo baada ya ndoo, huku amewaambia wale maharusi wakae ndani watazame. Tone halikupita. Akashuka anatabasamu. Maharusi wakamwonyesha upande wa ndani wa turubai, karibu na vichwa vyao. Lilikuwa linatiririka.

Ni pumzi, dada. Mtu akilala anapumua, na pumzi yake ina maji. Hema la wageni hushonwa kwa kitambaa kinachoiachia pumzi itoke. Yeye alishona turubai la lori, na mshono wake haukuruhusu kitu kuingia wala kutoka. Sukari haipumui. Kwa hiyo wageni wetu walilala wakajinyeshea mvua yao wenyewe. Profesa alisema hema zuri lazima lipumue. Shemejio akamwambia maisha yake yote amelipwa ili turubai lisipumue, na leo anaambiwa alikosea kazi. Alisema kwa kutania, ila nilimwona akiupapasa mshono kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayemkagua mtoto kama ana homa.

Tuliuliza bei ya kitambaa kile kinachopumua. Kinatoka nje kwa meli, na bei ya hema moja ilikuwa zaidi ya kila kitu tulichotumia mpaka siku ile. Akakata madirisha. Mvua zilipokuja, zikaingia kwa madirisha. Akashona vifuniko vya madirisha, pumzi ikarudi ndani. Magodoro yakaota ukungu. Wageni wakaandika kwenye mtandao kwamba mahali ni pazuri lakini usiku panakulilia. Njia ikawa tope, gari la mwisho lililojaribu kupanda lilivutwa na trekta na trekta tukalilipa sisi. Na kitu nilichojifunza kuhusu biashara ile ni kwamba hema tupu nalo lina gharama zake, kama mgonjwa hospitalini, hata asipokula kitanda kinalipiwa. Mlinzi analipwa. Kibali kinalipwa. Ukungu unafutwa kila wiki au unakula zulia. Katika kila mia iliyoingia, wenye mtandao ule ambao Profesa alituandikisha, wageni wanakolipia vitanda, walikata ishirini kabla hatujaigusa. Kiinua mgongo kilikwisha bila sisi kuona siku kilipokwisha. Tukaanza kula mshahara wangu wa pasi.

Wakati huo ndipo nilipokuambia kwenye simu kwamba shemejio hali vizuri, amepungua, anakaa anatazama sindano zake. Unakumbuka. Uliniuliza maswali mengi kuhusu mtandao ule, mtu anajiandikishaje, analipaje, nikadhani ni kupiga soga tu ili nisilie.

Mwezi ule ule mgeni akalipia Ijumaa ya mwisho. Alijiandikisha kwa jina la Msafiri, basi. Shemejio alipiga pasi suruali. Alichemsha maji kwenye pipa, akayabeba dumu baada ya dumu, akalijaza hodhi. Mgeni hakuja. Kesho yake ukaja ujumbe wa maneno machache: samahani, safari imekwama, pesa msirudishe, atajaribu mwezi ujao. Mwezi uliofuata akalipia tena, na hakuja tena. Na uliofuata.

Sijui nikuelezeje furaha aliyokuwa nayo. Aliwaambia watu dukani kwamba tuna mgeni wa kudumu. Mlinzi alisema hajawahi kuona mgeni mwenye adabu kama huyu, hapigi kelele, hachafui shuka, hamalizi maji. Akaomba basi alale yeye mle, kwa kuwa kitanda kimeshalipiwa na mwenye kukilipia hayupo. Mimi nami, nakuambia ukweli, nilimshauri shemejio akipangishe mara ya pili, hata kwa nusu bei. Alitukatalia sote. Alisema kitanda kilicholipiwa kina mwenyewe, na siku atakayofika amkute mtu mwingine ndani, sisi tutaficha wapi uso. Kwa hiyo kila Ijumaa ya mwisho aliandaa hema la tatu, lile la juu kabisa, maji ya moto yakiwemo. Jumamosi alfajiri anapanda kuyamwaga.

Alikuwa ananisimulia mahitaji ya mgeni huyo kwa fahari. Mgeni hataki shuka lichomekwe upande wa miguuni kabisa. Mgeni anataka kiti kisogezwe ubavuni mwa kitanda, kigusane na godoro. Nilisema matajiri wana vituko. Akasema si vituko, ni mtu anayejijua.

Sasa nafika mahali pagumu. Nilikuambia kwamba alianguka ghafla kazini, na hilo ni kweli. Nimefikiri sana kama nikuambie zaidi. Lakini mlinzi anamweleza kila anayepita, na siku moja utayasikia kwake barabarani, jambo nisilolitaka. Afadhali uyasikie kwangu ukiwa umekaa.

Daktari alishamwambia moyo umechoka, asibebe kitu kizito kuliko birika. Ijumaa ile asubuhi nilimwomba asijaze hodhi. Nilimwambia mgeni huyu hajawahi kuja na hatakuja. Alikuwa anafunga kamba za viatu. Akaniambia, kwa upole wake ule, kwamba mtu anayelipa kila mwezi bila kuchoka hawezi kukosa kuja, na siku atakayokuja si vizuri akute maji ya baridi. Nikaenda kazini. Mlinzi alimkuta adhuhuri amekaa kwenye ngazi ya hema la tatu, ameegemea nguzo, dumu liko kati ya miguu yake na kifuniko chake mkononi. Hodhi lilikuwa limefika nusu. Maji yalikuwa bado vuguvugu.

Tulimzika Jumapili. Hukuweza kuja, mwajiri wako alikukatalia, na sikukulaumu hata chembe. Salamu ulizotuma zilisomwa, watu wakalia.

Simu yake ikabaki kwangu. Baada ya wiki chache ikalia ule mlio wake, Msafiri amelipia Ijumaa ya mwisho. Nilitaka kuirudisha ile pesa, lakini wenye mtandao wanasema mgeni tu ndiye anayeweza kufuta. Nikasema basi, kitanda kilicholipiwa kina mwenyewe. Niliomba ruhusa kwa mwenye dobi, nikapiga pasi mashuka, nikayapandisha mwenyewe. Maji sikubeba. Sikuweza kulitazama lile hodhi.

Nikatandika. Nilichomeka shuka upande wa kichwani, nikaliachia miguuni liningʼinie. Kisha nikashika kiti kwa mkono mmoja na kukisukuma kwa goti mpaka kikagusa godoro. Dada, goti langu lilijua kabla yangu. Nimesukuma kiti namna ile utoto wangu wote. Kile kiti cha jikoni kwa mama, chenye mguu mmoja mfupi. Mimi nalala ukutani, wewe ukingoni, na wewe ndiye mkubwa lakini wewe ndiye uliyekuwa unaanguka, kwa hiyo mama alinipa mimi kazi ya kukisogeza kiti kila ukishapanda. Na miguu yako lazima itoke nje ya shuka, hata wakati wa baridi, ulisema ikifungwa unaota unafukuzwa na huwezi kukimbia.

Nilikaa kwenye kiti kile mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nimelala.

Ni wewe. Sikuulizi, nakuambia tu kwamba najua. Najua pia kwa nini uliomba kiti na shuka wakati hukuwa na njia ya kuja. Nadhani Ijumaa zile ulikuwa unafumba macho huko kwenye chumba chako kidogo na kujilaza huku kwetu, na ulitaka kitanda kiwe sawa. Sina hasira. Ulimpa shemejio sababu ya kuvaa suruali iliyopigwa pasi, na kwa miezi ile hakuna mwingine aliyempa, hata mimi. Kama alijua ni wewe, hakuniambia. Na usijibebeshe kifo chake. Moyo wake ulichoka kwa mengi, na hodhi tulilinunua sisi, si wewe.

Lakini nisikilize. Katika kila mia uliyotutumia kwa njia ile, ishirini walikata wenye mtandao, nyingine akapewa mlinzi, nyingine ikanunua kuni za kuchemshia maji ambayo hakuna aliyeyaoga. Hiyo ndiyo faida yote ya mahema yetu, dada. Mgeni wetu wa kudumu alikuwa ni migongo ya watu wawili, wako huko ukimwinua mama wa watu kitandani, na wa shemejio huku akipandisha maji. Mmoja umeshalala. Sasa unataka kutia saini miaka miwili mingine ili na wewe ubebe maji kwa ajili ya mgeni asiyekuja. Hapana. Njoo nyumbani na akiba yako. Hata kama haitoshi kufungua chochote, itatosha kodi ya chumba chenye kitanda kimoja.

Mahema nimeyauza. Mwenye malori ya saruji alikuja kuyatazama, akamwaga ndoo ya maji juu ya moja, akaingia ndani akaangalia. Akasema hajawahi kuona mshono kama ule, akauliza fundi yuko wapi, ana kazi ya kumpa. Nilimwambia hayupo. Alitoa bei ya turubai la mtumba. Mbao zimechukuliwa na fundi seremala, hodhi hakuna aliyelitaka, litabaki pale mteremkoni likinywesha ndege. Malipo yote yamekwenda kwa mwenye duka la mbao aliyetukopesha, na bado deni lake halijaisha. Hema la tatu litashushwa Jumatatu.

Nilikuwa nimefika hapa, naweka kalamu nikachemshe chai, simu ikalia. Umelipia tena. Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Dada, siku hiyo hakutakuwa na hema. Futa, tafadhali, mimi siwezi kukufutia. Na kama umekwishalipia hili, naogopa na ule mkataba umekwishautia saini, na barua hii itakukuta umefungwa tayari. Kama ni hivyo, usiniambie haraka. Niache kidogo nidhani bado.

Jambo moja nilitaka lisisahaulike. Ile Ijumaa niliyotandika mimi, sikushuka. Nililala mle mle, upande wangu wa zamani, nikakuachia ukingo wako na kiti chako. Asubuhi nilipofungua macho turubai juu yangu lilikuwa limejaa matone, yamejipanga kwenye mshono wake, hakuna hata moja lililopenya kwenda nje. Upande wako lilikuwa kavu kabisa.

Mwenye dobi anakusalimu, anasema ukirudi pasi ipo. Profesa anakusalimu pia. Amepata kazi ya kuuza vocha na siku hizi hapigi hesabu mbele yangu. Mlinzi anakusalimu bila kujua kwamba wewe ndiye uliyekuwa ukimlipa. Mfunike yule mama vizuri, nawe ulale miguu ikiwa nje.

Nakupenda kuliko ninavyojua kuandika.

Ni mimi mdogo wako wa ukutani,

Kijiko